Kifo Hakina Miadi

Jina la Kiherehere hakulipata ng'ambo. Alitoka nalo nyumbani, kama mtu anavyotoka na kovu la utotoni. Shangazi yake ndiye aliyembandika, kwa sababu mtoto huyo palipolia mtu alikuwa wa kwanza kufika, palipoanguka sufuria alikuwa wa kwanza kuokota, na palipogombana wakubwa alikuwa katikati yao, kidole mdomoni, akisikiliza. "Kiherehere chako kitakuponza," shangazi alimwambia mara nyingi. Kilichukua muda na safari ya ndege, lakini kilimponza kweli, na dunia nzima ikaona.

Dunia nzima, au tuseme ile inayoishi ndani ya simu. Video yenyewe ilikuwa fupi. Aliyeipiga alikuwa kitandani, maana chini ya picha ilionekana miguu miwili imefunikwa blanketi. Mbele ya kitanda vijana wanne wamekaa sakafuni, migongo wameielekeza kitandani, nyuso ukutani. Wa tano amesimama kwenye sinki dogo la pembeni anaosha vikombe, polepole, visigongane. Hakuna anayesema neno. Mwishoni mtu anavuta pumzi na kuanza kulia, halafu picha inakatika. Juu yake kulikuwa na maneno matatu: Wageni hawataki kuondoka.

Watu walicheka mpaka wakachoka. Mmoja aliandika kwamba hao wamepewa adhabu na mwalimu. Mwingine akasema chunga vikombe. Wa tatu aliuliza huduma hiyo inapatikana wapi, kwake vyombo vina wiki nzima. Huyo wa tatu, haki ya mtu ni haki yake, alichekesha.

Mwosha vikombe alikuwa Kiherehere.

Sasa usidhani alikuwa mshamba asiyejua kinachofanyika na kisichofanyika. Alikuwa mwaka wa pili katika masomo ya maabara ya hospitali, na kwenye kundi la simu la wanafunzi waliotoka kwao yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa adabu. Wapya walipofika, walisikiliza jumbe zake za sauti kabla hata ya kufungua masanduku. "Jamani, hapa ukialikwa saa moja, fika saa moja, siyo saa mbili na tabasamu." "Mtu akikwambia tutaonana siku moja, usikae unamngoja. Hiyo ni kwaheri." "Na msimtembelee mtu bila miadi. Huku hata mama mzazi hupiga simu kwanza." Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ilizipenda jumbe hizo, ikazitafsiri, ikaziweka kwenye ukurasa wake pamoja na picha ya Kiherehere akicheka. Mratibu wa ofisi hiyo alimwita mwanafunzi wa mfano.

Kwa hiyo sheria aliijua. Aliijua kuliko walioitunga.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Hosteli yao ilikuwa na kuta nyembamba, jirani akivuta droo unajua kama ni ya juu au ya chini. Jirani yake alikuwa msichana mwenyeji, mpole, aliyewahi kumwazima pasi na kuipokea tena bila kuuliza mbona imechelewa. Asubuhi hiyo Kiherehere alisikia simu ikilia upande wa pili, kisha kiti kikianguka, kisha maneno ambayo hata mwenye lugha ya wiki mbili angeyaelewa. "Baba? Lini? Nani alikuwa naye?" Halafu kilio. Halafu mlango wa mtu mwingine ukafungwa taratibu ili kilio kisisikike, na korido ikanyamaza.

Kiherehere alisimama koridoni akiwa na kandambili moja mguuni. Alijua treni ya kwenda kwao Jirani ingeondoka kesho yake. Yaani mtu amefiwa na baba, na siku nzima na usiku mzima atakuwa peke yake na blanketi.

Aliandika kwenye kundi: "Jirani yangu kafiwa na baba yake. Yuko peke yake. Nani yuko karibu?"

Mhandisi alikuwa wa kwanza kujibu. Huyu alikuwa kijana mrefu anayesomea madaraja, mwoga wa kila kitu isipokuwa chakula. "Umeomba miadi?" akauliza.

"Kifo hakina miadi," Kiherehere akajibu.

Wakaja wanne, Mhandisi akiwemo, viatu mkononi. Walibisha hodi, hakuna aliyejibu. Mlango haukuwa umefungwa, wakaingia. Wakatoa pole. Kisha wakafanya walivyolelewa. Mmoja alivuta pazia, mwingine alikuwa amekuja na mkate na maziwa, Kiherehere akaenda kwenye sinki, na wote wakampa mfiwa migongo yao alie bila kutazamwa. Jirani aliinua kichwa akauliza, "Mnataka nini?"

"Hatutaki kitu," wakajibu kwa upole.

Hapo ndipo walipoharibu. Kwao jibu hilo lingempa mfiwa utulivu. Kwa Jirani, watu watano wasiotaka kitu na wasiosema kwa nini wamekuja lilikuwa jambo la kutisha kuliko wezi, maana mwizi angalau unajua anachotaka. Akachukua simu chini ya blanketi, akawapiga picha, akamtumia rafiki yake mmoja: nifanye nini? Rafiki aliiweka mtandaoni kwanza, ndipo akampigia msimamizi wa hosteli. Msimamizi alikuja akawatoa kwa adabu, kama watu wanaoombwa washuke kwenye lifti iliyozidi uzito.

Video ilifika nyumbani kabla Kiherehere hajapata la kusema. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na ujumbe wake wa sauti haukuwahi kuja bila mlio wa cherehani chini yake. Kiherehere aliogopa kuufungua. Aliufungua akiwa amekaa chini, mgongo mlangoni.

"Nimeiona," Mama alisema, cherehani ikienda. "Binamu yako kaileta hapa dukani, wateja wote wameiona. Kukaa mmekaa vizuri. Hata yule mrefu kakunja miguu yake yote." Cherehani ikasimama. "Lakini kuna jambo limenitia aibu, mwanangu. Nasikia mliambiwa muondoke, mkaondoka. Mkamwacha mfiwa na simu. Nani aliwafundisha kuondoka?"

Kiherehere alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea.

Wiki mbili baadaye Mratibu akamwita. Ofisi yake ilikuwa na maua ya plastiki na bakuli la peremende, na mwenyewe alikuwa mwanamke mpole. Upole wake ulikuwa wa kweli, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Mtu mkali unajua pa kumshika. Alimweleza kwamba siku ya kuwakaribisha wanafunzi wapya video ile itaonyeshwa ukumbini, ili watu wajifunze. Baada yake Kiherehere atasimama aseme maneno machache. Alikuwa ameshayaandika. Akageuza kompyuta.

"Niliingia chumbani kwa mwenzangu bila ruhusa. Naomba radhi. Kwetu hatujui faragha, na hapa nimefundishwa kuiheshimu."

Kiherehere alisoma, akarudia. "La kwanza nitasema," akasema. "La pili nitasema. Hili la tatu silisemi."

"Ni kuwasaidia wapya waone tofauti kati ya tamaduni."

"Tofauti ipo, nami nimeifundisha humu humu ofisini kwenu. Lakini hiyo uliyoandika si tofauti, ni tusi."

Mratibu alisogeza bakuli la peremende, akalirudisha. "Nisikilize. Wakuu wa hosteli wamepata malalamiko. Wanataka waone umejifunza. Ukisema maneno haya, chumba chako kinabaki. Usiposema, sitakuwa na la kuwaambia."

"Na Jirani amekubali video ionyeshwe?"

"Ameulizwa, hakukataa. Uso wake hauonekani. Halafu iko kila mahali tayari."

Chumba. Usidharau chumba. Kilikuwa na kitanda, meza, na dirisha lililotazama ukuta wa kituo cha umeme, lakini kutoka hapo hadi maabara ni kuvuka barabara tu, na mabomba yake yalitoa joto hata siku ambazo nje kulikuwa na barafu. Waliokosa hosteli walipanga mwisho wa mji, wakaamka gizani kudandia mabasi mawili, wakafika maabara wamelowa na wakisinzia juu ya darubini. Mwaka uliopita mmoja wao aliacha masomo. Kiherehere alimsindikiza yeye mwenyewe uwanja wa ndege.

Jioni wale watano walikutana kwake kujadili. Mhandisi alikaa kitandani akila mkate wa wenyewe. "Sentensi moja tu," akasema. "Sema, shuka, tuondoke. Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho."

"Nimelifumba mwaka wa pili huu, Kaka. Sasa wanataka nilitoboe."

"Mkono usioweza kuukata?"

"Nitaubusu. Lakini hawajaniomba busu. Wameniomba niseme mama yangu hajui faragha, na mama yako pia, maana umo kwenye video. Wewe ndiye mrefu."

Mhandisi aliacha kutafuna.

Kiherehere akawasimulia siku aliyofariki baba yake. Chumba cha cherehani kilijaa wanawake mpaka mlangoni. Mama alipoanza kulia, kila aliyekuwemo aligeuza uso ukutani, hata bibi mmoja ambaye kwa umbea hakuwa na mpinzani mtaani. Mama alipotaka kubadilisha nguo, hakusema. Shuka lilinyooshwa kumzunguka, mikono minane imelishika, nyuso zote zimetazama nje. Na mpaka leo hakuna mwanamke aliyewahi kusimulia mama alivyolia siku ile. "Kama hiyo siyo faragha," akasema, "basi faragha ni kitasa tu, na mafundi vitasa ndio watu wenye adabu kuliko wote."

Mhandisi akaurudisha mkate mezani.

Hata hivyo kulikuwa na deni moja ambalo si la ofisi. Jirani alikuwa amerudi kutoka mazishini. Kiherehere, aliyeweza kumsikia akivuta droo, alimtumia ujumbe: "Naomba kukuona. Siku na mahali upange wewe." Jibu lilikuja: kesho alasiri, jikoni. Kesho yake alifika jikoni kwa wakati, wala hakukaa mpaka alipoonyeshwa kiti.

"Niliingia bila ruhusa yako," akasema. "Sheria niliijua. Niliona haihusu kifo. Kuamua hilo kulikuwa juu yako, si juu yangu. Nisamehe."

Jirani alikoroga chai yake iliyokuwa imeshakorogeka. "Kwa nini mlinipa mgongo?" akauliza. "Ndicho kilichonitisha. Nilidhani mmekuja kunisusia."

"Ili ulie bila mtu kukutazama."

Jirani aliweka kijiko chini. Jokofu likanguruma, likanyamaza. "Nilimtumia mtu mmoja," akasema mwishowe. "Mmoja tu. Kwenye mazishi ya baba yangu mtoto wa mjomba aliniletea simu, akaniuliza, huyu anayelia si wewe?"

"Ofisi inasema umekubali ionyeshwe ukumbini."

"Waliniuliza siku niliyorudi. Nilikuwa nimechoka, nikasema sawa, ili waondoke." Akatabasamu kidogo. "Wao waliondoka haraka. Jana nimewaambia sitaki. Wamenijibu kwamba ratiba imeshapangwa na uso wangu hauonekani."

Kiherehere alimaliza chai aliyokuwa amemiminiwa. Aliosha kikombe chake, akauliza kama anaweza kuosha na cha mwenzake, akaruhusiwa.

Siku ya kuwakaribisha wapya ukumbi ulijaa vijana kutoka kila upande wa dunia, bado wana mikunjo ya safari kwenye nguo zao, simu zimeinuliwa juu. Jukwaani kulikuwa na kiti cha Kiherehere, kipaza sauti na, upande mmoja, pazia jeupe la picha. Wenzake wanne walikaa mstari wa mbele. Kiherehere alimwomba Mratibu amruhusu kuzungumza kabla ya video, na Mratibu akafurahi, akidhani ni ujasiri wa toba.

"Niliingia chumbani kwa mwenzangu bila ruhusa," Kiherehere alianza, kwa lugha ya wenyeji, polepole. "Lilikuwa kosa langu. Radhi nimeiomba kwa mwenye chumba, uso kwa uso, siku aliyoichagua yeye. Nyinyi wapya, jifunzeni hilo: ulizeni kwanza. Hata penye kifo, ulizeni."

Mratibu aliitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Nimeandikiwa na sentensi nyingine, ya kusema kwamba kwetu hatujui faragha. Hiyo siisomi. Chumbani mle tulikuwa watu watano, na hakuna hata mmoja aliyemtazama mfiwa. Ndiyo maana mnaona migongo yetu imeelekea kwake. Nyinyi hamkuwemo. Lakini wengi wenu mmeshamsikiliza akilia, tena mkarudia, wengine mkila chakula cha mchana. Nielezeni basi, hapa asiyejua faragha ni nani?"

Simu zilizokuwa juu zikayumba. Nyingine zikashuka.

"Mwenye kilio amesema hataki kisikike tena. Ofisi imesema ratiba imepangwa. Kuizima siwezi, mtambo si wangu. Kuitazama, sitaitazama."

Akaweka kipaza sauti chini, akageuza kiti chake, akakaa akitazama ukuta wa nyuma ya jukwaa, mbali na pazia. Nyuma yake akasikia kiti kikigeuka, kingine, kingine. Halafu kiti cha nne kikapiga kelele ndefu ya mtu mrefu asiyetaka kusikika, na Mhandisi naye akawa amegeuka.

Mratibu alitabasamu kwa shida, akamwashiria kijana wa mtambo aendelee. Video ikaanza. Palisikika vicheko viwili vitatu vya waliokuwa hawajaelewa. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, nyayo zikapita katikati ya ukumbi, zikapanda jukwaani. Jirani alikuja akakaa sakafuni karibu na kiti cha Kiherehere, akiukabili ukuta. Hakujua kukunja miguu. Aliikunja kama anayekunja mwavuli uliovunjika. Kiherehere akashuka kwenye kiti, akakaa chini pamoja naye.

Pazia lilikuwa limefika kwenye vikombe. Baada ya vikombe kila mtu alijua kinachofuata, na kila mtu sasa alimwona mwenye kilio hicho amekaa pale, mabega yamepanda. Viti vikaanza kusaga sakafu, mmoja mmoja kwanza, kisha mstari mzima, kisha kwa fujo kama darasa linalotoka. Waliobaki wametazama mbele walikuwa wachache na hawakujua waweke wapi macho yao. Kilio hakikusikika. Mratibu mwenyewe ndiye aliyechomoa waya. Alibaki ameushika mkononi, hakumtazama mtu.

Ukumbi mzima ulikaa hivyo, na Jirani akalia, safari hii kwa sauti, na hakuna aliyegeuka.

Sasa kama unangoja kusikia kwamba chumba kilibaki, ngoja sana. Wakuu wa hosteli hawakuwepo ukumbini, na waliposimuliwa hawakuona kilichobadilika. Mwisho wa mwezi Kiherehere alihama. Mhandisi alibeba godoro kichwani akilalamika njia nzima kwamba yeye anasomea madaraja, siyo kuwa daraja. Jirani alibeba vikombe, amevizungushia taulo visigongane. Chumba kipya kilikuwa mwisho wa mji, dari ina unyevu, mlango haufungiki mpaka uuwekee tofali. Basi la kwanza lilipita kabla ya kupambazuka.

Walipomaliza kupanga vitu, simu ikaita. Mama. Cherehani ilikuwa inakwenda.

"Nimeiona hiyo nyingine," Mama alisema. Wapya walikuwa wamepiga picha ukumbini, na kilichoonekana kilikuwa migongo tu, safu kwa safu. "Wateja wananiuliza mwanangu ni yupi. Nikawaambia mtu akigeuka hivyo haulizwi jina. Chumba wamekunyang'anya?"

"Wamechukua, Mama."

Cherehani ikasimama. "Safari hii mlikaa mpaka mwisho?"

Kiherehere alimtazama Jirani, aliyekuwa amekaa sakafuni, miguu bado haijui pa kwenda.

"Tulikaa, Mama. Na mfiwa alikaa nasi."

"Basi chumba wakilalie wao," Mama akasema, na cherehani ikaendelea.